Kitanda cha Futi Saba

"Futi saba?"

Mrefu hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia mguu wa kitanda, anauchimba tundu kwa patasi, na maganda ya mbao yanamdondokea miguuni.

"Nimepima mara mbili," mkewe akasema, utepe wa kupimia ungali mkononi. "Ubao huu wa ubavuni una futi saba. Watu wote wanalalia futi sita."

"Mteja anataka saba."

"Mteja gani?"

"Mteja mrefu."

"Mrefu kama nani?"

Hapo patasi ikasimama. Kidogo tu, kisha ikaendelea.

"Mke wangu, wewe piga msasa. Maswali hayalainishi mbao."

Mtaa mzima walimwita Msasa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Miaka kumi na mitano alikuwa kwenye karakana ile na mumewe, mmoja akikata, mwingine akilainisha. Mrefu, aliyeinama kila mlango aliopita, alikuwa fundi kwelikweli. Hakutumia zile mbao za unga ulioshindiliwa, wala msumari hakuutaka. Alichonga ulimi kwenye ubao huu na tundu kwenye ubao ule, akavikutanisha kwa gundi na kipigo kimoja cha nyundo ya mti, na meza ikisimama imesimama, mjukuu ataikuta. Kisha Msasa ndiye aliyeishika. Bila yeye, kazi ya Mrefu ingekuwa nzuri ya kutazama kwa mbali.

Waliosema mganga hajigangi bila shaka walipita nyumbani kwao. Mafundi wale wawili walilala kwenye kitanda cha chuma, cha futi sita, kinachopiga kelele mtu akikohoa. Kwa kuwa miguu ya Mrefu haikuenea, waliweka kigoda upande wa miguuni, ndipo visigino vyake vilipolala.

Kila mwaka Msasa aliuliza, "Chetu lini?"

Na kila mwaka Mrefu alionyesha juu, kwenye dari ya karakana, ambako mbao sita za mninga zilikuwa zinakauka taratibu. "Unaziona zile? Haziuzwi. Zile ni za kitanda chetu."

Wiki hiyo mbao zile zilikuwa zimeshuka darini.

Msasa akajumlisha. Mninga wao. Futi saba. Mume asiyetaka maswali. Jibu lilipokuja alijikuta anatabasamu peke yake, akageukia ukutani ili asionekane. Siku nyingi alikuwa hajatabasamu. Mashavu yalimuuma kidogo.

Mchana akampigia simu dada wa mumewe.

"Wifi, kaka yako ana siri."

"Siri gani?"

"Ananitengenezea kitanda. Anadhani sijui. Amezishusha zile mbao za mninga."

"Amekwambia ni chako?"

"Angeniambia ingekuwa siri?"

Wifi akavuta pumzi ndefu. "Wifi yangu, pumzika kidogo. Sauti yako imekauka kwa vumbi."

"Nitapumzika kitanda kikiisha."

Akaanza na msasa mkali, ule unaokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, kutoa alama za randa. Akaja na wa kati. Kisha akapitisha kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, akaziacha zikauke, akazilaza tena kwa msasa laini, akifuata zinakokwenda. Ukienda kinyume na nyuzi unaacha mikwaruzo isiyoonekana mpaka vanishi ipite, na ikishapita hairudi nyuma. Mabega yalimwaka. Kikohozi kilimkunja mpaka machozi yakatoka. Na vidole vyake, miaka yote ile ya msasa ilikuwa imevifuta alama. Siku moja alikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikakataa kumtambua. Yule kijana wa kaunta akacheka, "Mama, wewe haupo!" Akacheka naye.

Kitanda hiki alikipiga msasa wiki tatu. Alipofika kwenye ubao wa kichwani alikuwa anaongea nacho.

Alhamisi asubuhi Mrefu alikwenda kununua vanishi. Hakuwa ametoka robo saa, mwanamke mmoja akachungulia mlangoni. Mnene kiasi, uso mpole, koti jeupe la kazini ameliweka mkononi.

"Hodi. Fundi hayupo?"

"Ametoka kidogo. Karibu dada."

"Afadhali." Mwanamke akaingia kwa kunyata, kama mtoto anayefuata sukari. "Nimekuja kuchungulia tu, usimwambie. Alinikataza nisikione mpaka kiingie ndani."

"Usione nini?"

Mwanamke alikuwa ameshakiona. Akakisogelea, akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Jamani," akanong'ona. "Kama ngozi ya mtu. Wewe ndiye fundi wa msasa?"

"Ndiye mimi."

"Amekusifu mno. Mimi nina duka la dawa, pale kwenye kona ya zahanati. Ile dawa ya kifua anayonunua kila mwezi si ni yako? Alisema, msaidizi wangu anakohoa, namhurumia."

Msasa aliinama akaokota kipande cha msasa kilichodondoka. Alikiokota kwa muda mrefu.

"Msaidizi," akasema.

"Eeh. Alisema ulibaki kumshika mkono tangu mkewe afariki. Si wengi wana moyo huo, dada yangu. Mungu akulipe."

"Mkewe alifariki lini?"

"Si unajua? Miaka mitatu sasa."

"Nimesahau. Vumbi linaingia mpaka kwenye akili." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, yeye mwenyewe alishangaa. "Hivi alikwambia aliugua nini?"

Mwanamke akashusha sauti, kama mtu aliye msibani. "Alisema hakuwa na ugonjwa wenye jina. Alikuwa mtu wa kuchoka. Alichoka, akachoka, mwisho akanyamaza. Masikini. Mimi namwombea kila nikilala, maana nakwenda kukaa palipokuwa pake."

"Na hiki cha futi saba..."

"Chetu sisi. Si unamjua alivyo mrefu? Tunafunga ndoa mwezi ujao, kimyakimya tu, watu wazima sisi. Mimi nilishafiwa, yeye kafiwa." Akatazama saa. "Ngoja nikimbie. Usiniseme, eti?"

"Sitasema."

Alipoondoka, Msasa hakulia. Alikaa juu ya rundo la maganda ya mbao, mikono mapajani, akatazama ukuta uliotundikwa misumeno. Kisha, kwa kuwa ubao wa kichwani ulikuwa umebaki sehemu ndogo upande wa kushoto, akainuka akaimaliza.

Mrefu akarudi na makopo yake ya vanishi.

"Mume wangu."

"Naam."

"Nakuuliza mara moja tu. Hiki kitanda ni cha nani?"

Alimtazama machoni alipouliza. Alitaka kumpa mlango. Mwanamume akishaona mlango uko wazi, kutoka ni juu yake.

"Si nimekwambia? Cha mteja."

"Basi siku ya kukipeleka nakwenda nawe."

"Kufanya nini?"

"Kikikwaruzwa njiani nani ataziba?"

"Hapana, wewe baki. Umechoka."

"Nimechoka?" Msasa akatikisa kichwa. "Kumbe huwa unaona."

Jumamosi Mrefu alimtuma sokoni mapema, kununua vitu vingi kuliko kawaida. Aliporudi, karakana ilikuwa tupu na sakafuni pameachwa alama nne za miguu ya kitanda kwenye vumbi. Hakushangaa. Akachemsha chai. Kabla hajainywa simu ikalia. Alikuwa dereva wa pikapu iliyobeba kitanda.

"Mama, samahani. Tumefika kwa mteja, tumekiunga, ila chaga hatuzioni. Godoro litakaa wapi?"

Chaga, zile mbao nyembamba zinazobeba godoro, Msasa alikuwa amezichukua nyumbani tangu Ijumaa kuzipaka vanishi. Au ndivyo alivyojiambia.

"Ninazo mimi. Fundi anajua umenipigia?"

"Hajui. Kahangaika kuzitafuta mpaka katokwa jasho. Nikaona nikupigie nimsaidie."

"Umefanya vizuri, mwanangu. Njoo unichukue."

Nyumba ilikuwa nadhifu, mapazia yamefuliwa, na harufu ya sabuni imejaa mpaka chumbani. Kitanda kilikuwa kimesimama katikati, kirefu na chekundu. Mrefu alikuwa amepiga magoti anakaza kiungo. Alipoona miguu ya mkewe mlangoni aliinua macho polepole, kuanzia kwenye viatu, kama mtu anayeombea viatu hivyo viwe vya mtu mwingine.

"Ooh, fundi wetu wa msasa!" mwenye duka la dawa akafurahi. "Karibu, karibu. Umetuokoa."

Msasa akashusha chaga begani, akaziegemeza ukutani.

"Dada," akasema, "unaniwia radhi. Sikuja kukuharibia siku. Ningeweza kunyamaza, nimezoea. Ila umeniombea kila usiku, na mtu anayekuombea haifai umdanganye."

"Sijakuelewa."

"Mimi ndiye marehemu."

Dereva, aliyekuwa anaingia na nyundo, akarudi nyuma hatua mbili.

Mwenye duka la dawa alicheka kidogo, akasubiri wengine wacheke. Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Mrefu.

"Fundi, huyu anasema nini?"

Mrefu akageukia kiungo alichokuwa anakaza.

"Nakuuliza wewe. Huyu ni nani?"

Mrefu akafungua mdomo. "Ni... tumeishi pamoja."

"Tumeishi!" Msasa akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Dada, jana amekula nyumbani kwangu. Leo asubuhi kavaa shati nililolipiga pasi, hilo hapo. Ndoa yetu ina miaka kumi na mitano. Kumbe nilikufa zamani, ila hakuna aliyeniambia nilale!"

Mwenye duka la dawa alisogea mpaka mbele ya Mrefu. Alimfika kifuani tu, lakini Mrefu ndiye aliyeonekana mdogo.

"Nilikuuliza wasia wake. Unakumbuka? Nikakuuliza, marehemu alisema nini mwishoni? Ukashika uso, ukalia. Mbele yangu, kwenye kiti kile pale. Ulikuwa unamlilia nani?"

"Mama, nisikilize..."

"Toka."

"Naomba dakika mbili."

"Nimefiwa kweli mimi. Najua kufiwa kulivyo. Hukunidanganya tu, umechezea msiba. Toka nje kabla sijaita majirani."

Mrefu akatoka. Kwa haraka alisahau kuinama, akajigonga kwenye fremu ya mlango, na hakuna aliyemwambia pole.

Dereva naye akatoka, wanawake wakabaki wawili.

"Ulijua tangu Alhamisi," mwenye duka la dawa akasema.

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka aseme yeye. Nimekukosea hapo, nisamehe."

Yule mama akakaa upande wa pili wa kitanda. Akalia, na Msasa, ambaye machozi yake mwenyewe yalikuwa hayajapata njia, akamshika bega akamwacha alie. Mwisho akasema, "Chukua kitanda chako, dada. Mimi siwezi kukilalia."

"Hata mimi siwezi. Kiuze, kitoe, fanya utakavyo. Ila usikipasue. Mbao hazikudanganya mtu."

Msasa hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake mkubwa, akaomba mkeka, akalala. Alilala siku mbili. Dada yake akawa anaingia kusikiliza kama anapumua. Simu ilijaa ujumbe.

"Mke wangu shetani alinipitia. Rudi tuongee."

"Nyumba imepoa bila wewe."

"Ufunguo wa stoo umeweka wapi?"

Huo wa tatu ndio pekee aliojibu: "Nyuma ya mlango, kwenye msumari."

Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, walikutana nyumbani kwa mama mkwe. Bibi yule alikaa kwenye kiti chake, wifi pembeni yake, dada mkubwa wa Msasa upande wa pili. Mrefu alikaa kwenye benchi, magoti juu kama panzi.

"Semeni," mama mkwe akasema. "Mtoto wangu aanze, maana yeye ndiye mwenye ufundi wa maneno."

"Mama, nimekosa. Sina cha kuficha. Lakini nanyi nisikilizeni." Mrefu akafuta uso. "Ile nyumba ilikuwa kimya. Naongea, anaitikia 'mmh'. Nikirudi, kalala. Miaka mitatu mke wangu hacheki, hanitazami. Siku ile kule dukani yule mama akaniuliza, una mke? Nikataka kusema ninaye. Nikatafuta mke ninayemsema, sikumwona. Likanitoka tu: alifariki. Na likishatoka, nitalirudishaje?"

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na Msasa alikuwa mtu wa haki. Aliyapima kabla hajajibu.

"Ni kweli nilinyamaza," akasema. "Miaka mitatu iliyopita kazi zilizidi. Nikakuomba tuongeze mtu wa msasa. Ukasema hakuna anayejua kama mimi. Nikakuomba kinyago cha kuzuia vumbi. Ukasema kesho. Nikawa naamka na kikohozi, napiga msasa, napika, nafua, nalala. Mwanamke huyo aliyenyamaza, mume wangu, ni wewe uliyemnyamazisha. Kisha ukaenda kumlilia kwa watu, ukahurumiwa kwa uchovu wangu!"

"Nitabadilika. Naapa."

"Mwanangu," mama mkwe akamkata, "ulimzika mkwe wangu huku unakula chakula chake?"

Mrefu akainamisha kichwa.

Wifi akaanza kulia. "Wifi, nilijua. Nilimwona naye mara mbili. Siku uliponipigia umefurahi nilitaka kukwambia, mdomo ukawa mzito. Nisamehe."

"Nilisikia pumzi yako, wifi. Furaha ndiyo ilinizidi, sikutaka kuielewa." Msasa akamgeukia mama mkwe. "Mama, umenilea kama wako. Sitaki kukuvunjia heshima mbele ya mwanao. Lakini naomba talaka yangu. Na vifaa vyangu vya kazi, na benchi moja katika yale mawili. Basi."

"Hutaki kumfikiria hata kidogo?"

"Nimechoka kumfikiria, mama. Sina hasira hata. Ningekuwa na hasira labda ningebaki tugombane."

Bibi akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akavuta mtandio wake. "Mimi sina la kukuombea hapa," akamwambia mwanawe. "Mpe."

Mrefu alimfuata mpaka getini. Alisimama mbele yake na urefu wake wote, mikono haina pa kuwekwa.

"Msasa. Nikikwambia bado nakupenda?"

Alifikiri kidogo. Alimtazama vizuri, mvi za masikioni, kovu la randa kwenye kidole gumba, mkono uliokuwa unaunga mbao mbili usione pa kupita uzi. Ingekuwa uwongo kusema mwanamume huyu hakumpenda.

"Najua unanipenda," akasema. "Ungenipenda nikiwa hai."

Akapita.

Talaka ilichukua mwezi na nusu. Mrefu hakuleta ubishi. Siku ya kuchukua benchi alisaidia kulibeba, akalifunga kamba vizuri kwenye pikapu ili lisichubuke. Aliendelea na karakana peke yake, na watu wakasema meza zake bado imara, ila ukipitisha mkono unajua kuna mtu ameondoka.

Msasa aliweka benchi lake uani kwa dada yake. Wiki za kwanza hakugusa chochote. Alikunywa chai, alikaa kivulini, alikohoa kila siku pungufu ya jana. Mwenye duka la dawa alipita mara moja na chupa ya dawa ya kifua na kinyago kipya. Walikaa wakaongea habari za bei ya sukari na za majirani, jina la mwanamume halikutajwa, na siku hiyo ikaisha vizuri.

Mwezi wa tatu alichukua patasi. Miaka yote alikuwa ametazama ulimi na tundu vikichongwa, lakini kutazama si kushika. Tundu la kwanza lilipasua ubao. La pili likawa pana, ulimi ukachezacheza. Kigoda cha kwanza kilichosimama kilikuwa na mguu mmoja mfupi, dada yake akakikalia, akayumba kushoto, wote wawili wakacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Unacheka, mdogo wangu," dada yake akasema, akijifuta macho.

"Kumbe."

"Hiki utakitengeneza au unakitupa?"

Msasa akakigeuza miguu juu, akafumba jicho moja, akaona mguu ulipokosea. Jua lilikuwa bado juu, saa kumi haijafika, na mwanga wa kazi ulikuwa wa kutosha.

"Nitakitengeneza," akasema. "Kesho." Akafunika benchi kwa gunia, akaoga, akajinyoosha kitandani kwa dada yake mlango ukiwa wazi, na usingizi ukamkuta anasikiliza watoto wa jirani wakigombania mpira.